Masharti ya Paris, Bili ya Jogoo Road

Karibu maisha yangu yote ya kazi nimekula mkate wa wafadhili, na sioni haya kulisema. Nilianza kama karani wa hesabu katika wizara moja hapa Nairobi katikati ya miaka ya 80. Nilipotoka huko nikawa mhasibu wa kikundi kidogo cha afya huku Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, tukiendeshwa na pesa za nje hadi juzi. Ndiyo maana nikisikia wasomi wakibishana kama mataifa tajiri yawanyime madikteta misaada mpaka wakubali demokrasia, swali langu huwa la kikarani tu: mnakata fungu gani? Ukiwa nje, msaada unauona ni kitu kimoja. Ukiufungua kwenye vitabu vya hesabu unakuta mafungu, na kila fungu lina watu wake watakaolia likikatwa.

Wizarani kwetu vitabu vya miradi ya wafadhili vilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Vitabu vya matumizi ya kawaida ya serikali vilitupwa tu juu ya meza, maana havikuwa na cha kuibwa. Mwezi ukifika katikati, magari ya wizara yalikuwa yamelala uani bila mafuta, lakini Land Rover za mradi, zenye nembo ya mfadhili mlangoni, zilikuwa barabarani kila siku, hata Jumapili. Vocha zilinifikia zikiwa zimeshatiwa sahihi: "ukaguzi wa mradi, Nakuru", "ukaguzi wa mradi, Nyeri". Tarehe nilizitambua. Zilikuwa siku za mikutano ya chama, na chama kilikuwa kimoja. Mzee mmoja tuliyeketi naye meza jirani, karani wa tangu kabla ya Uhuru, aliniona nikizikodolea macho vocha hizo akaniambia, "Binti yangu, andika tu. Hawa wazungu wanajua. Wana wakaguzi kutushinda."

Nami naamini walijua, na si habari za mafuta ya gari peke yake. Mwaka 1982 Bunge lilikuwa limeingiza kifungu cha 2A kwenye Katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Miaka michache baadaye, walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kikundi cha siri cha kuipinga serikali, walikuwa wakikamatwa na kushushwa chini ya Nyayo House, jumba lilelile ambalo wananchi walipanga foleni ya pasipoti ghorofa za juu. Huko chini watu walipigwa, wakafungiwa kwenye vyumba vilivyomwagwa maji. Mwaka 1988 wagombea wa KANU, chama hicho kimoja, wakateuliwa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, chifu anakuona, halafu mwenye mlolongo mfupi anatangazwa mshindi. Miaka yote hiyo misaada haikupungua, bali ilizidi. Tulikuwa upande wa Magharibi katika Vita Baridi, na tangu 1980 manowari za Marekani zilikuwa na ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, ndipo wafadhili wetu wakagundua ghafla kwamba Kenya haina demokrasia.

Sitaki kuisimulia habari hii kana kwamba wao ndio walioanza, kwa sababu hawakuanza. Siku ya mwaka mpya 1990 Kasisi Timothy Njoya alisimama mimbarani akasema wazi kwamba tawala za chama kimoja Afrika zitafuata zile za Ulaya Mashariki. Askofu Henry Okullu naye akaongeza sauti yake. Kabla yao, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa amelipigia kelele jumba la ghorofa 60 ambalo chama kilitaka kulijenga ndani ya Uhuru Park, na sanamu ya Rais kando yake. Wabunge walimtukana, lakini waliotarajiwa kutoa pesa ng'ambo walisikia makelele, wakasita, na jumba likafa. Hilo ndilo somo la kwanza nililopata kuhusu pesa za nje na sauti za ndani: moja bila nyingine haikutosha.

Mei 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai hadharani vyama vingi. Mwezi huohuo balozi wa Marekani, Smith Hempstone, akawaambia wafanyabiashara hapa mjini kwamba Bunge la nchi yake litapendelea kusaidia mataifa yanayojenga demokrasia. Julai Matiba na Rubia wakawekwa kizuizini, na tarehe 7, siku ya Saba Saba, watu wakaenda uwanja wa Kamukunji hivyohivyo. Sisi tuliokaa kandokando ya Jogoo Road tulifunga madirisha tukaweka vitambaa vyenye maji puani, kwa sababu moshi wa vitoa machozi hauulizi nani mwandamanaji na nani anapika. Ikafika wakati makanga wa matatu akiinua vidole viwili tu, ishara ya vyama vingi, anashushwa na kuchapwa. Agosti 1991 FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, ikaundwa. Novemba 16 watu wakajaribu Kamukunji tena, wakapigwa tena, na mabalozi wakapeleka taarifa kwao.

Siku chache baadaye, tarehe 25 na 26 Novemba, wafadhili walikutana Paris. Walichoamua kilikuwa kifupi: hakuna pesa mpya kwa miezi sita, mpaka yaonekane mabadiliko ya kiuchumi na kisiasa. Takriban dola milioni 350 zikasimama. Wiki moja baadaye, Desemba 3, wajumbe wa KANU wakakutanishwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mmoja baada ya mwingine wakapanda jukwaani kuulaani mfumo wa vyama vingi, wakimsifu Mzee, yaani Rais, kwa kusimama imara. Kisha Rais Moi akasimama akawaambia kwamba 2A itaondolewa. Na walewale wakapiga makofi. Ofisini kwetu habari ilipoingia redioni hakuna aliyefungua mdomo, maana hukujua nani ni masikio ya nani. Ila tarishi wetu, aliyekuwa akigawa faili, alipofika mezani kwangu alishusha mkono chini ya usawa wa meza akanionyesha vidole viwili, akaendelea na safari yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia masharti hayafanyi kazi, siwezi kumkubalia. Niliyaona yakifanya kazi kwa wiki moja, jambo lililokataliwa miaka yote. Lakini sharti lile lilikuwa letu kabla halijawa lao. Lilikuwa limehubiriwa makanisani na kudaiwa mitaani, na watu walikuwa wamekufa kwa ajili yake. Paris haikutufundisha kutaka vyama vingi, ilimnyima tu pesa aliyekuwa akitukatalia.

Shida ni kwamba katika bahasha ileile ya Paris kulikuwa na karatasi ya pili, ile ya uchumi, na hiyo hatukuwa tumeiandika sisi. Punguzeni watumishi wa serikali. Ondoeni udhibiti wa bei. Wananchi wachangie gharama za hospitali na vyuo vikuu. Jamani, hakuna mtu aliyekwenda Kamukunji kudai atozwe ada ya kadi akiwa mgonjwa.

Hii habari ya ada naijua vizuri kuliko nyingine kwa sababu baadaye ilikuja kuwa kazi yangu. Ada za hospitali za umma zilianza Desemba 1989. Zikasimamishwa sehemu kubwa mwaka uliofuata kwa sababu ya makelele, kisha zikarudishwa polepole kuanzia 1992. Katika kipindi kile cha kwanza watafiti waliifuatilia kliniki ya jiji ya magonjwa ya zinaa. Mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi kama asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi kama asilimia 65. Hebu fikiria ni mwaka gani huo na ni ugonjwa gani ulikuwa ukienea Nairobi chinichini. Mtu mwenye kidonda alikuwa rahisi zaidi kuambukizwa virusi vya ukimwi na kuviambukiza wengine, na hapo ndipo tulipomwambia alete pesa kwanza. Nilipoanza kazi ya kikundi cha afya, nilikutana na wajane wa miaka hiyo. Siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba huyu alikufa kwa sababu ya sharti fulani, hesabu haifiki huko. Lakini najua nani alilipa, na hakuwa mjumbe wa Kasarani.

Mjumbe wa Kasarani alikuwa na mfereji mwingine. Ndilo jambo ambalo wenye kukata misaada hawakulipigia hesabu, au hawakutaka. Wafadhili walipofunga, kulikuwa na kashfa ya Goldenberg tayari: kampuni inalipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi ambayo almasi haina kabisa. Mabilioni yalitoka Benki Kuu. Kuelekea uchaguzi wa Desemba 29, 1992, pesa zilimwagwa mpaka noti ya shilingi 500 ikabatizwa jina la kijana aliyeongoza vijana wa kampeni, na bado wazee wa rika langu wanaiita "Jirongo". Upinzani ukagawanyika, Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46, na shilingi, ambayo dola moja ilikuwa chini ya 40 mwisho wa 1992, ikapita 60. Mshahara wangu haukujua lolote kuhusu habari hiyo. Niliacha kununua sukari ya kilo, nikawa nanunua ya kupimiwa kwenye kiosk, na jioni nilishuka Muthurwa nikatembea hadi nyumbani ili kesho nipate nauli ya asubuhi.

Huko Molo, Burnt Forest na kwingineko Bonde la Ufa watu walikuwa wakichomewa nyumba. Viongozi walikuwa wametuonya kwamba vyama vingi vitaleta vita vya kikabila. Kamati ya Bunge iliyochunguza mwaka 1992 iliwataja wakubwa serikalini miongoni mwa waliochochea. Yaani waliotabiri moto ndio waliokuwa na kibiriti. Wafadhili, wakiwa na shauku ya kuona karatasi ya uchumi imetekelezwa, waliupokea uchaguzi ule pamoja na dosari zake, na Novemba 1993 mfuko ukafunguliwa tena. Karatasi ya siasa ilikwisha kazi siku ile vyama vilipoandikishwa. Ile ya uchumi ikaendelea kwa miaka.

Nami ikanipitia. Mpango wa kustaafu mapema kwa hiari ulipokuja, sisi wa vyeo vya chini ndio tulioitwa kwanza. Hiari yenyewe ilikuwa ya kuambiwa kwamba anayengoja atatoka bila kitu. Mzee wa meza jirani alichukua chake akarudi kijijini Murang'a. Tarishi wetu alinunua mkokoteni wa kuuza maji, kisha wa pili, na nasikia alifanikiwa kutushinda sote. Mkubwa aliyekuwa akitia sahihi zile vocha za "ukaguzi" alibaki.

Nimejaribu kuangalia majirani, nijue kama ni sisi tu. Malawi naona ilifanana nasi katika lile la kwanza: maaskofu wa Kikatoliki walisoma waraka wao Machi 1992, wafadhili wakasimamisha misaada isiyo ya kibinadamu mwezi Mei, na Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni kukataa chama kimoja. Mwaka uliofuata Rais Banda akaondoka. Sauti ya ndani ilitangulia, na waliokata wakaacha chakula na dawa. Uganda, kwa upande mwingine, haikuruhusu vyama kushindana mpaka kura ya maoni ya 2005, na muda wote huo ilisifiwa, ikawa hata ya kwanza kusamehewa madeni mwaka 1998 chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Uchumi wake ulifuata karatasi ya pili, basi ile ya kwanza haikuulizwa. Mwaka huohuo wa 2005, wa vyama vingi, Bunge lao likaondoa ukomo wa mihula ya rais.

Binti ya dada yangu hapendi nikizungumza hivi. Yeye ni wa kizazi cha simu, na Juni 25, 2024 alikuwa kati ya vijana waliojaa barabara za mjini kupinga Mswada wa Fedha. "Anti," aliniambia, "nyinyi mlishangilia wafadhili wakiifinya serikali. Sisi wameifinya serikali, nayo ikatufinya sisi." Mabango mengi ya siku ile yaliitaja IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa jina, kwa sababu kodi za mswada ule zilikuwa na mkono wa masharti ya mkopo. Watu waliuawa kwa risasi nje ya Bunge. Siku moja kabla, Juni 24, Marekani ilikuwa imeitangaza Kenya rasmi kuwa mshirika wake mkuu nje ya NATO. Na siku yenyewe ya Juni 25, kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilitua Haiti. Hakuna mfadhili aliyesema atazuia shilingi. Mswada ulirudishwa kesho yake na wale vijana wenyewe, si na Paris wala Washington.

Tulibishana hadi usiku. Mimi nikimwambia kwamba bila Novemba 1991 asingekuwa na barabara ya kuandamana, yeye akiniambia barabara ile ilifunguliwa na waliopigwa Kamukunji. Mwishoni niliona hatuko mbali. Aliyofinyiwa yeye ni karatasi ya pili, ambayo nami ndiyo iliyonitoa kazini. Karatasi ya kwanza, ya watu wasiteswe na kura zihesabiwe, haikuwa imesomwa na mfadhili yeyote mwaka ule, kwa kuwa kulikuwa na askari wa kupeleka Haiti.

Kisha ikaja Januari 2025. Rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 tangu siku alipoapishwa, na barua ya kusimamisha shughuli ikatufikia hata sisi, kikundi cha vyumba viwili kilichopata pesa kupitia mashirika mawili juu yetu. Watu walidhani kwetu kilichokatwa ni dawa. Dawa za ARV, za kupunguza makali ya ukimwi, zilikuwepo kwenye stoo ya kituo. Kilichokatwa kwanza kwenye vitabu vyangu ni laini ndogo sana: salio la simu. Tulikuwa na wamama wawili wa kujitolea ambao kila asubuhi walipiga simu kwa wagonjwa waliokosa tarehe yao. "Mama nanii, tulikungoja jana, uko sawa?" Ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyomrudisha mtu kwenye dawa kabla virusi havijainuka. Bila salio na bila posho yao ya mwezi, daftari la waliokosa tarehe likabaki kuwa orodha tu. Mmoja wao aliendelea kupiga kwa pesa zake, mpaka mumewe akaja juu.

Katika yote niliyoyaona tangu wizarani, huo ndio ukataji uliokuwa mbaya zaidi, na haukuwa na sharti lolote. Mwaka 1991 angalau serikali ilijua la kufanya ili pesa zirudi. Safari hii hapakuwa na kura ya kuhesabu vizuri wala mfungwa wa kumwachilia. Mama wa Kaloleni aliyekosa kupigiwa simu aliadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwa hata na jina, na Ikulu chai ikaendelea kunywewa.

Kwa hiyo, ndiyo, misaada ifungwe kwenye masharti ya demokrasia, lakini fungu kwa fungu. Mwaka 2009, Kenya ilipokuwa ikivuta miguu kufanya mageuzi baada ya vita vya uchaguzi, Marekani iliwaandikia barua wakubwa 15 kwamba wanaweza kunyimwa viza. Makelele waliyopiga yalinipa raha, siwezi kuficha. Kwa mara ya kwanza sharti lilikuwa limeangukia mtu ambaye mtoto wake anasoma huko.

Nilipata nafasi ya kuyasema haya yote kwa wenyewe, katika hoteli moja ya Westlands, kwenye kikao cha kutathmini mradi kabla ya mambo kuharibika. Kijana wa ubalozi, mstaarabu sana, alituuliza wafadhili wafanye nini nchi ikianza kurudi kwenye ubabe. Nilimwambia: katieni polisi mafunzo na magari, katieni wakubwa viza, pesa za bajeti zisimamisheni. Msiguse kliniki wala shule. Na masharti yenu yabandikeni kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, tujue mmedai nini kwa jina letu, ili tuyadai hata nyinyi mkishachoka. Aliandika kila kitu. Miezi kadhaa baadaye ripoti ilikuja, karatasi nzito na picha za rangi, na maneno yangu yalikuwa yamegeuka mstari mmoja: wadau walipendekeza hatua zinazozingatia muktadha. Kiambatisho cha nauli za washiriki, hicho kilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho.